Milango Iliyoangalia Upande Mbaya

Baba,

Nianze na habari za nyumbani, maana hizo ndizo ungeuliza kwanza. Mama ni mzima. Goti la kushoto ndilo linalomsumbua. Miwa ya shamba la chini ilikatwa, ikalala kando ya barabara siku nne kabla trekta haijaja, na unaweza kukisia maneno aliyoyasema. Simu za mkono sasa zinashika Kabuchai, mradi usimame karibu na choo. Msalaba wako umeliwa na mchwa upande wa chini. Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike.

Sasa jambo lenyewe.

Mwezi wa sita gazeti lilinituma Uingereza kwa mafunzo ya wiki mbili. Jumamosi moja mwenyeji wetu, mzee mstaafu mwenye mashua ndefu na nyembamba, alitualika tusafiri naye kwenye mfereji uliochimbwa yapata miaka mia mbili iliyopita. Mfereji huo unafika ukingoni mwa kilima, na mashua haiteremki kilima. Kwa hiyo waliujengea loki, kumi na sita, moja chini ya nyingine kama ngazi. Wewe ulifundisha loki katika jiografia ya kidato cha tatu hapo Kitale hadi ulipostaafu, na hukuwahi kuiona hata moja.

Mashua inaingia kwenye chumba cha mawe kilichojaa maji. Milango miwili ya mbao inafungwa nyuma yake. Mtu anazungusha mkono wa chuma, vilango vidogo vya chini vinafunguka, maji yanatoka, na mashua inashuka polepole hadi kuta zenye utelezi zinakupita kichwa. Maji ya ndani yakilingana na ya nje, unaegemeza mgongo kwenye gogo la mlango wa mbele, unasukuma, unatoka. Yasipolingana, hata wanaume kumi hawaufungui. Hayo yote ulitufundisha, na yote ni kweli.

Tulipofika chini ya chumba cha kwanza niligeuka kutazama milango tuliyoiacha nyuma. Maji ya mfereji mzima yalikuwa upande wa pili, juu ya kichwa changu. Kilichoyazuia ni milango miwili iliyoegemeana kama paa la nyumba. Nilitafuta komeo. Hakuna. Nilitafuta msumari kama ule wa sanduku lako la darasani. Nao hakuna.

Ncha ya ile milango ilielekea kule maji mengi yaliko, Baba. Kule juu. Si chini, ulivyochora wewe.

Sikuridhika na loki moja. Nilikagua zote, nikizichora kwenye daftari na kuzipiga picha, na safari ilichukua zaidi ya saa tano. Nilitarajia angalau moja ikuunge mkono.

Unakumbuka siku uliyompelekea Fundi Kamau kazi ya sanduku la kufundishia. Nilikuwa darasa la saba, nimekaa juu ya maranda katika karakana yake ya Tuwan. Ulitaka sanduku la urefu wa dawati, lenye chumba katikati na milango ya bawaba, darasa lione maji yakipanda na kushuka. Aliangalia mchoro wako, akakuna kidevu, akasema, "Mwalimu, hii mlango inaangalia upande mbaya. Maji ikisukuma, si itafunguka? Igeuze, maji yenyewe itaifunga."

Ukamjibu, "Wewe Kamau, kati yetu ni nani ako na kitabu?"

Kitabu nimekitafuta, nimekipata. Mchoro wa humo hauna mshale. Hauonyeshi maji yanatoka wapi. Ulikisia.

Kamau akatengeneza ulivyotaka. Kila ulipomimina maji milango ilifunguka, ukapigilia msumari wa kuizuia, na bado maji yakafika dawati la kwanza. Darasa lilipocheka ulisema, "Hiyo ni kazi ya Fundi Vuja." Ulisema hivyo kila mwaka. Jina likatoka darasani likaenda sokoni. Wafugaji waliokuwa wakimwagiza mahori ya kunyweshea ng'ombe wakahamia kwa wengine, maana nani atanunua hori kwa Vuja? Mkaacha kusalimiana. Ulipougua ulisema jeneza lisitoke kwake, na halikutoka kwake. Tulilinunua Bungoma mjini. Siku ya mazishi alisimama nje ya lango la boma kuanzia sala ya kwanza hadi ya mwisho. Nilimwona. Sikwenda kumkaribisha. Hilo ni langu, si lako.

Niliporudi kutoka Uingereza nilimpelekea Kamau picha za loki. Aliziangalia moja moja, kisha akaziwekea randa juu zisipeperuke.

"Sasa unaniambia mimi?" akasema. "Mimi nilijua hiyo siku. Enda uambie wale walicheka."

Shangazi alipopata habari kwamba nataka kwenda kuyasema darasani, alinipigia simu. "Marehemu hajibu, Nasimiyu. Utamvua baba yako nguo mbele ya watoto?" Nilikaa na maneno yake siku tatu.

Kisha nikakumbuka ulivyokuwa ukinirudishia habari zangu za gazetini kwa posta, zimezungushiwa wino mwekundu. Mara moja nilikosea jina la kata, nikakuambia wasomaji wameshasahau. Ulisema, "Kosa likichapishwa ukurasa wa kwanza, usilisahihishe ukurasa wa kumi na nane." Kosa lako lilichapishwa darasani.

Mwalimu wa jiografia wa sasa alikuwa mwanafunzi wako. Sanduku analo, msumari wako ulikuwemo, na jina la Vuja bado alikuwa akilitumia bila kujua lilitoka wapi. Alitupatia mimi na Kamau kipindi kimoja. Nilisimama mbele ya kidato cha tatu nikasema sentensi mbili: Mwalimu aliichora milango kinyume. Fundi alimwambia, naye hakusikiliza. Ya pili niliirudia.

Kamau aling'oa msumari, akafungua bawaba, akageuza milango, akaikaza tena. Amezeeka, lakini bisibisi haikuteleza. Akamimina maji jagi la kwanza, la pili, la tatu. Maji yalipanda upande wa juu na milango ikajibana yenyewe. Sakafu ilibaki kavu.

Mwanafunzi mmoja nyuma akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Ati si huyu ndiye Vuja?"

Kamau hakuinua kichwa. "Vuja alikuwa mwalimu, bana. Mimi ni Kamau."

Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka. Nakuambia mwenyewe, usije ukasikia kwa watu.

Ulikuwa mwalimu mzuri. Hilo nalo nililisema, lakini mwishoni, ili lisifunike lile la kwanza.

Tulipotoka nje alinipa ule msumari, akaniuliza kama msalaba wako bado uko sawa. Nikamwambia ukweli kuhusu mchwa. Aliuliza urefu wa msalaba.

Atatengeneza mpya wa mwerezi; mchwa hawaupendi. Nimekubali kwa niaba yako. Hukuulizwa. Mama anajua, na Shangazi atajua akimwona. Disemba nitamleta Kabuchai, na safari hii ataingia langoni mimi nikiwa kando yake.

Basi nikuage, Baba. Pumzika. Msumari wako uko kwenye droo ya meza yangu ofisini, juu ya daftari. Nakuahidi jambo moja tu: siku Kamau atakaposimamisha msalaba wako, sitamwambia uangalie upande gani.

Binti yako,
Nasimiyu