Cheti cha Wodi ya Wazazi

Mwenzangu, uko wapi? Nisikilize kwanza.

Leo wakaguzi wa wizara wamekuja kutupima utendaji. Wodi yetu ya wazazi imeongoza: mwaka mzima hajafa mama hata mmoja. Nikaitwa mbele nipokee cheti.

Hata mmoja! Wewe si unajua tunavyofanya? Mama akizidiwa, matroni ananong'ona, "Mwandikie rufaa upesi, asitufie hapa." Wanafia njiani, kwetu hawahesabiwi.

Basi watu wananipongeza, nami nasema asante, asante. Fundi wa spika za sherehe naye akasogea, akanipa mkono. Akaniuliza taratibu kabisa, "Sista, marehemu mke wangu mlimwandika wapi?"

Nikamkumbuka mkewe. Rufaa ile niliiandika mimi.

Unajua nilimjibu nini? Asante. Nimemwambia asante, mwenzangu!