Maji ya Kwetu Yanawasha

Kahama,
Novemba.

Kwa pacha wangu Kulwa,

Salamu. Shikamoo usiitegemee, maana kunitangulia kutoka tumboni kwa muda wa kuchemsha chai si ukubwa, na kama ni ukubwa basi hujautumia bado. U mzima? Mkeo Violeth hajambo? Nauliza kwa sababu mama alitufundisha kwamba hata mtu unayetaka kumgombeza unamsalimu kwanza. Sisi huku wazima, kwa kiasi chetu. Swaleh yuko dukani kama kawaida. Mpwa wako Chiku ameng'oka meno ya mbele na anajiona mtu mzima. Mvua inatutishia kila jioni kisha inaenda kunyesha kwa wengine.

Utajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Simu umeigeuza kitu cha kunikatia. Nikikupigia uko kikaoni, nikikuandikia unanijibu kwa kile kidole gumba cha manjano. Karatasi haikatwi, wala huwezi kunidakia maneno kabla sijamaliza. Nimempa Eustace wa ofisi ya vifurushi pale stendi, na juu ya kifurushi nimemwandikisha kwamba ni mchele, maana mchele wangu hujawahi kuchelewa kuufuata. Samahani, mchele haumo.

Naanza mbali ili usije ukasema nimesahau. Ulipokuja kiangazi hiki kuwatafutia maji rafiki yako Theonest na lile kundi lenu la kuogelea, nilikucheka. Watu wa Mwanza, wenye ziwa zima mlangoni, mnafunga safari kuja Shinyanga kutafuta maji! Ukanieleza kwamba ziwani karibu na mji kuna kichocho, magugu maji na mafuta ya boti, na kwamba ninyi mnataka maji yaliyotulia, yasiyo na watu, mahali pa kwenda na kurudi siku moja. Nikakuelewa nusu. Lakini nina kirikuu changu cha kubebea mpunga na njia za vijijini nazijua zote, basi nikakupakia. Nakwambia ukweli, nilifurahi. Tangu tumzike baba hatujawahi kukaa kiti kimoja muda mrefu vile.

Nikakupeleka mtoni, tukakuta mchanga na nyayo za fisi. Nikakupeleka bwawani, mlinzi akatufukuza na wewe ukamtolea Kiingereza. Kisha tukaenda upande wa Mwakitolyo, kwenye lile shimo la zamani la wachimbaji lililojaa maji ya kijani kama chupa, na ukavua shati. Ni yule mchimbaji, Donatus, aliyekuwa ameketi pembeni anakula muhogo, aliyekwambia kwamba mvua inateremsha humo kila kitu kinachooshewa dhahabu, zebaki ikiwemo. Akasema ukitaka ruka tu, yeye atabaki kuwa shahidi. Ukavaa shati. Njiani ukaanza kunihubiria kwamba watu wa huku hatujui kutunza mazingira. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa mgeni wangu. Leo si mgeni wangu.

Ndipo ukalikumbuka lambo la kijijini kwetu, kule nyuma ya Tinde.

Lambo lile unalijua, ila nitakuandikia kana kwamba hulijui, kwa kuwa ndivyo ulivyofanya. Lilichimbwa tukiwa shule ya msingi. Mama na wanawake wenzake ndio waliopanda ua wa minyaa kuzunguka upande wa juu, watu wachote huko, na ng'ombe wanywee upande wa chini. Kamati ikampa mama ufunguo wa lango, na hajawahi kunyang'anywa. Sheria ni moja tu: kiangazi haogi mtu mle, hata mchunga ng'ombe, mpaka mvua irudi. Mama aliivunja kwa ajili yako. Alisema mtoto ametoka mbali, aingie mara moja, upande wa ng'ombe, bila sabuni, na asimtangazie mtu. Ukaahidi. Ukaogelea, mama amekalia ndoo aliyoipindua, anacheka, anasema unapiga maji kama ndama aliyeteleza. Ilikuwa siku nzuri, Kulwa. Nakuchukia zaidi kwa sababu ilikuwa nzuri.

Safari ya pili hukuniambia. Mlikuja na magari mawili na muziki. Mama akafungua lango tena, kwa kuwa asingeweza kukuaibisha mbele ya wageni wako. Upande wa ng'ombe haukuwapendeza, una tope na mavi. Mkataka upande wa juu. Ukamwomba mama panga, ukasema ni la kusafishia miiba. Kwa panga lake mwenyewe ukakata ua alioupanda kwa mikono yake, gari lipite, kisha ukayatandika matawi kwenye tope na ndani ya maji ili miguu ya watu wa mjini isizame.

Minyaa, Kulwa! Mtu mwingine ningesema hakujua. Wewe ndiye uliyechezea utomvu wake ukiwa mdogo, ukashinda siku nzima na kitambaa machoni unalia umepofuka, na mama akikudondoshea maziwa ya ng'ombe tone kwa tone. Hakuna mtoto wa Kisukuma asiyejua kwamba yale maziwa meupe ya mnyaa huua samaki na kuunguza jicho. Umesoma mpaka umesahau ulichokijua kabla ya kusoma.

Na picha ukanitumia. Mmesimama juu ya matawi yale kama kuku kwenye kichanja, na chini umeandika "gati letu la asili". Siku iliyofuata Theonest akawashwa miguu, wengine wakatoka vipele. Ukaandika kwenye kundi lenu la simu, ambamo nami ulinitia, kwamba maji ya huku yanawasha ngozi, hamyapendekezi, na kwamba mnatafuta mahali pengine. Uliandika hivyo kuhusu maji ambayo wewe mwenyewe umeyatilia sumu. Mama aliponiomba nimsomee ulichosema juu ya lambo lake, nilimsomea. Alisema pole yao.

Sasa sikiliza kilichofuata. Asubuhi baada ya ninyi kuondoka, kambale walikuwa wanaelea matumbo juu. Ndama wakanusa maji wakarudi nyuma. Melania, jirani yetu, alinawa uso kabla hajaona samaki, na mpaka jioni macho yalikuwa yamevimba. Tangu siku hiyo kijiji kizima kinachota maji mbali, na ng'ombe wanapelekwa mwendo mrefu, na waliokonda hawarudi.

Mwigulu, mkuu wa sungusungu, akaitisha mkutano. Akauliza nani alifungua lango. Mama akasimama kabla hajamaliza kuuliza, akasema ni yeye. Akaulizwa nani alikata minyaa. Akasema hakuona. Mama, ambaye akipoteza sindano anajua ilianguka saa ngapi, alisimama mbele ya watu aliozeeka nao akasema hakuona. Wote walijua anadanganya, na walijua kwa ajili ya nani, lakini bila mtu wa kutaja jina sungusungu hawana pa kuanzia. Basi wakamtenga yeye, mpaka aliyeweka matawi ajitokeze na kuyatoa kwa mikono yake.

Kutengwa umekusahau pia, kwa hiyo nakukumbusha. Hapewi moto wala haombwi moto. Haitikiwi salamu. Shamba lake halilimwi na mtu, na akifa leo kaburi lake tutachimba mimi na Swaleh. Na kuna jambo moja linaloniuma kuliko yote. Kijijini hakuna aliyewahi kumwita mama kwa jina lingine, ni Mama Kulwa tangu tumezaliwa. Sasa jina hilo halitamkwi. Anapita njiani, wanaangalia pembeni kama aliyepita ni mbuzi.

Nilikupigia siku ile ile. Ukasema hayo ni mambo ya watu wa Kahama waliokuja baada yenu, walioona mahali pale kwenye simu. Nikakutajia picha. Ukaifuta nikiwa bado naongea na wewe. Nilisikia ukiifuta, maana ulinyamaza, na wewe hunyamazi. Basi futa. Mimi nilikwishaiona, na mnyaa naujua hata ukiwa umelazwa chini ya viatu vya mtu.

Mimi hawajanitenga, wanasema nimeolewa mjini. Kila nikienda kuchukua mpunga nampitishia mama viberiti, chumvi na maji kwenye madumu. Mara zote ananiuliza kama umepiga simu. Mara zote namwambia una kazi nyingi. Hata mimi umenifanya mwongo.

Sasa nafika kwenye kilichonifanya nitafute kalamu. Mama aliniapisha mambo mawili: nisikutaje kwa mtu, na hili lifuatalo nisikwambie. La kwanza nimekwishalivunja, la pili nalivunja leo, na sitamwomba radhi.

Matawi yalikaa majini wiki baada ya wiki, yanachuruzika. Wanaume walikataa kuyagusa, wanasema atayatoa aliyeyaweka. Mama akachoka kungoja. Alidamka alfajiri peke yake, akajifunga kanga, akaingia lamboni mpaka maji ya kifua. Mama yetu, ambaye hajui kuogelea hata kidogo, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa juu ya ndoo na kukucheka. Akawa anayavuta moja moja mpaka ukingoni. Tawi moja lilivunjika likamrukia usoni, utomvu ukaingia macho yote mawili.

Hakupiga kelele. Aliniambia mwenyewe kwamba aliona aibu kuita watu ambao wamekatazwa kuitika. Akatoka majini kwa kupapasa, akarudi nyumbani ameshika ua, yaani ameshika minyaa ile ile, hatua kwa hatua, mpaka ua ukaisha pale ulipoukata wewe ili gari lipite. Hapo akapoteza njia. Melania alimwona kutoka mlangoni kwake. Akalia, na hakwenda kumshika mkono, kwa sababu ana wajukuu na anaogopa kutengwa pamoja nao. Alichofanya ni kuweka kikombe cha maziwa katikati ya njia, akagonga kikombe kwa kijiko mpaka mama akaifuata sauti, kisha akakimbilia ndani. Mama akajiosha macho hapo hapo, amekaa chini kwenye vumbi. Sitamlaumu Melania. Lawama zote nimekuwekea wewe.

Nilimkuta baadaye, nikamleta hospitali huku Kahama. Jicho la kulia daktari anasema litarudi. La kushoto haoni, wala hataona tena. Ndivyo ilivyo, Kulwa. Sikutafuta namna nyingine ya kukwambia kwa sababu hakuna.

Nilipomwacha kitandani niligeuza kirikuu nikaenda moja kwa moja kwa Mwigulu. Nikakutaja. Jina lako, la baba, mahali unapofanya kazi, picha na gati lenu la asili. Nilidhani nitalia, sikulia. Mwigulu alinisikiliza, kisha akasema neno moja tu: "Tulikuwa tunamngoja pacha mmoja amlete mwenzake."

Wanakutana Jumamosi ya kwanza ya Desemba, uwanja wa shule. Utasimama mbele ya watu useme ulichofanya, kisha utaingia majini umalizie matawi ambayo mama hakuyafikia, halafu utapanda minyaa pale ulipoikata. Siku utakayomaliza ndiyo siku watakayomwitikia mama salamu. Fedha hawapokei, kwa hiyo usijisumbue kutuma kwa simu na usimtume mtu. Usipokuja, mimi nitasimama badala yako, nitaingia na nitayatoa. Lakini baada ya hapo ukiulizwa una ndugu wangapi, mimi usinihesabu.

Njoo na nguo za kazi. Bukta yako ya kuogelea iache huko huko.

Swaleh anakusalimu, nimemkataza lakini amesisitiza. Chiku anamsalimu mke wa mjomba wake, Violeth. Mama yuko hapa kwangu, amelala chumba cha Chiku na kitambaa machoni. Nimemwambia nakuandikia habari za mchele. Amefurahi kwamba tunaandikiana. Ameniambia nikupe salamu zake nyingi, na nikuulize kama huko mmeshapata maji mengine mazuri, kwa sababu ya kwetu yalikuwasha.

Ni mimi, uliyezaliwa naye,
Doto