Silabi Iliyofunikwa na Mdomo wa Korongo

Nyumba ya Walinzi,
Kando ya Ziwa.
9 Machi.

Mpendwa Dada Mwalimu,

Pokea salamu tele, zitakazobaki wape jirani. Hujambo? Shemeji hajambo? Na kile kikohozi chako cha vumbi la chaki kimepoa, au bado kinatisha wanafunzi? Sisi wazima. Goti la Mama limetulia, ila sauti yake ya kuniita haijapungua hata kidogo.

Uliuliza kama ni kweli nimepata kazi. Dada, usinidharau! Mimi sasa ni mlinzi wa ziwa, mwenye buti za mpira na kofia yenye nembo. Ulisema nikiacha shule nitaishia kuhesabu kuku. Ulikosea kidogo tu: nahesabu korongo.

Mkuu wetu tunamwita Mzee Darubini, maana darubini haivui shingoni hata akila. Amenifundisha kwamba korongo hujenga viota ndani ya matete, na matete yakikatwa wakati wa mayai, wanahama wote. Bwawa la ng'ambo walilihama miaka sita iliyopita, mpaka leo limebaki la vyura. Kwetu mwaka huu walijenga viota arobaini na kimoja, vyote upande wa magharibi.

Basi akaniambia niandike kibao: MSIKATE MATETE HADI NDEGE WARUKE. Maana yake, mpaka makinda wajue kuruka. Mimi na usanii wangu nikaanza na picha. Dada, yule korongo ungeapa anakutazama! Ila mdomo ulinizidi urefu, ukaingia kwenye njia ya maandishi. Nikasema ile SI nitaibana baadaye. Nikaenda kula. Umeshaanza kucheka? Ngoja kwanza.

Wakataji wa matete ni kina Shangazi, wasukaji wa mikeka. Jumatatu asubuhi nikasikia miundu inalia upande wa magharibi. Nikatoka mbio na buti moja. Kumbe wamo ndani, maji ya kiuno, wanakata huku wanaimba, na juu korongo wametapakaa kama nguo zilizong'olewa kambani na upepo.

"Shangazi, mnafanya nini?"

"Tunatii amri. Kibao chenu kimesema mkate matete hadi ndege waruke. Si hao wameruka? Au unataka turuke na sisi?"

Mwenzake akadakia, "Mimi niliona MKATE, nikaja na chupa ya chai."

Unanijua, uongo ulikuwa umeshafika ulimini: ningesema mvua imefuta herufi. Lakini korongo walikuwa wanazunguka hawajui watue wapi, na mayai yamebaki wazi juani. Kila dakika ya mabishano ilikuwa inawafukuza. Basi nikasema mbele ya wanawake kumi na wawili kwamba nimekosea mimi, nimeila SI, nikawaomba watoke. Walicheka nusura wazame! Shangazi alicheka mpaka mundu ukamponyoka, nikautafuta kwa vidole vya miguu.

Kisha akakiona kiota karibu na kiwiko chake, kina mayai manne ya samawati. Akasema, "Mlinzi wangu, ungetufokea tungekata mpaka jioni. Haya jamani, tutoke, na asirushe mtu maji." Wakatoka mmoja mmoja, hata chai wakainywea mbali. Tumekubaliana wakate upande wa mashariki usio na viota, nami niwabebee mizigo msimu mzima. Mabega yangu yanakusalimu.

Tulilala kifudifudi kwenye tope, mimi na Mzee Darubini, tukasubiri. Wa kwanza akatua, halafu wawili, halafu wengi. Ila viota sita havikurudiwa. Hivyo ni vyangu, Dada. Nimeviandika kwenye daftari kwa mkono wangu. Mzee alisoma, akafunga daftari, akasema mdomo wa korongo nimeuchora vizuri, na kesho nisichelewe.

Jana makinda wa kwanza walitoka mayaini. Wana nywele kama za Shemeji akiamka.

Sasa nisikilize, na usimwoneshe mtu barua hii. Kibao kipya hakijapakwa rangi. Safari hii picha itakuja mwisho. Maneno niliyoyatunga ni haya, yapitie kwa ile kalamu yako nyekundu unirudishie haraka, maana mayai mengi bado:

TAFADHALI TUSIKATE MATETE UPANDE HUU. NDANI KUNA WATOTO.

Nisalimie Shemeji na wapwa zangu wote, hasa yule mwenye pengo. Mama na Babu wanakusalimu. Shangazi pia, ingawa alipokutaja alianza tena kucheka. Mungu akutunze, akupe na wanafunzi wasiotoroka kupitia dirishani kama mimi.

Wako akupendaye hata kabla hujanisahihisha,
mdogo wako,
Kijiti.