Mnapika Pamoja?

Marlys, nimetoka kumhoji Bi Verna kwa simu, yule aliyeomba msaada wa chakula, na bado nimeshika kichwa.

Anaishi na dada yake Opal, mwenye pensheni nono. Jimbo linasema wanaopika pamoja ni kaya moja, na wakiwa kaya moja pensheni ya Opal inahesabiwa na Verna anakosa msaada. Nikauliza: mnapika pamoja?

“Tangu tumzike mama hatusemezani, mwanangu, sembuse kupika.”

Hapo hapo sauti ikaita nyuma yake: “Verna, supu inapoa.”

Supu inapoa, Marlys.

Kisha akaninong'oneza, huku analia na kucheka: “Miaka miwili hajaniita jina langu. Sasa nifanyeje, nile au nijaze fomu?”

Nikamwambia akale. Kwenye sababu ya kuahirisha mahojiano nimeandika: mwombaji ameitwa mezani.