Trei Isiyoguswa

Jumatatu, 3 Machi

Msimamizi wa kitalu amenikuta nikipapasa miche ya nyanya. Kwa kiganja, mara ishirini kwenda, ishirini kurudi – kama marehemu mume wangu alivyofanya hapa kila asubuhi, miaka kumi na moja. "Mama, mche si mtoto wa kubembelezwa," akasema. Mwezi ujao kupapasa ni marufuku, isipokuwa nithibitishe faida yake. Nikamwambia marehemu alisema mche uliopapaswa hukaza shina. "Alisema" si kipimo, akanijibu.

Imeniuma kwa sababu ni kweli.

Jioni nimenawa, povu la sabuni likawa kijani kwa utomvu wa nyanya. Kama lake marehemu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepanga trei mbili, A ya kupapasa, B ya kuacha. Binti yetu, mwalimu wa sayansi, amepita kuona, akacheka. A nilikuwa nimeiweka juani, B kwenye kivuli. "Sasa mama, A ikishinda, ni mkono au ni jua?" Kumbe nilikuwa nampendelea baba yake.

Benchi moja, basi. Udongo ule ule, maji kikombe kile kile. Tofauti iwe mkono tu. Na atakayepima asijue ipi ni ipi.

Jumapili, 9 Machi

Nimeharibu. Siku tano napapasa A, na B iko pale pale inanitazama. Leo nikaihurumia. Mara tatu tu, kidogo.

Wifi yangu, dada wa marehemu, tunafanya kazi pamoja. Ameniona. "Wifi, utajuaje dawa inaponya kama umemnywesha na mzima?"

Zote mbili nimeziondoa. Naanza upya.

Jumatatu, 10 Machi

Trei mpya, kila moja miche arobaini. Tumerusha sarafu: ya kupapaswa ni B. Nimeandika kwenye karatasi, bahasha, gundi. Wifi anamwagilia zote. Mimi napapasa kabla Msimamizi hajafika, na A naipita mikono nyuma, kama askari.

Mnisamehe, wanangu.

Jumatano, 26 Machi

B ni fupi! A imeipita kwa vidole viwili. Nimemwita wifi aone.

Wifi hakushtuka. "Kaka yangu naye alikuwa mfupi. Nani aliwahi kumwangusha?"

Nimecheka. Mara ya kwanza tangu tumzike.

Ijumaa, 4 Aprili

Msimamizi ameleta feni ya ofisini, tupime mashina kwa upepo. Umbali ule ule, dakika tano kila trei, kisha kuhesabu miche iliyolala. A – ishirini na tisa. B – mitatu. Akahesabu tena. Akahamisha feni upande wa pili. B imesimama.

"Hii B umeipa mbolea gani?"

"Mkono mtupu," nikasema.

"Na umelambwa," wifi akamalizia.

Nikampa bahasha. Ameichana, amesoma: ya kupapaswa ni B. Amevua saa yake, ameiweka mfukoni.

Naandika nimekaa juu ya gunia la udongo. Msimamizi bado yuko kwenye benchi, ameinamia trei A, kiganja wazi, anahesabu kwa sauti ndogo. Amefika kumi na saba. Sasa ananigeukia, vidole vimeanza kuwa kijani, anauliza kama kurudi nako kunahesabiwa au –