Hakuna Aliyeangalia Mahindi

Ndugu yangu Simiyu,

Nimekupigia mara nyingi tangu Januari na simu yako haipatikani, kwa hiyo nakuandikia hapa mbele ya watu. Wanaojijua nao wasome.

Wiki iliyopita mwalimu mkuu aliniita ofisini. Alinikaribisha kiti kwa upole usio wake, nikajua kuna jambo. Akasema wazazi wanalalamika kwamba vijana wao wanapotoshwa na simu, kwamba wanaamini kila wanachokiona, na sasa bodi imeona ni vyema ile klabu ya habari ifufuliwe. "Sasa Madam Wanjiru, tukaona wewe ndio unaweza shika pale Simiyu aliachia."

Aliachia! Kana kwamba ulichoka tu, ukachukua mwavuli wako ukaenda zako. Nikamwambia nitafikiria, nikatoka kabla sijasema neno la kunifukuzisha kazi.

Unakumbuka klabu hiyo ilivyoanza? Hukuambiwa na mtu uianzishe. Ulikuwa mwalimu wa Historia, mwalimu wa bodi asiye na ajira ya serikali, na asubuhi moja ukabandika karatasi kwenye ubao wa matangazo: "Leo chakula cha mchana ni chapati na ndengu." Jina la aliyeandika halipo, muhuri haupo. Kufika saa sita shule nzima ilikuwa kwenye foleni na sahani mkononi, na mimi mbele yao, maana kwa chapati sisi wa kwetu hatuna aibu. Mpishi akatoka na mwiko akishangaa. "Chapati gani? Leo ni githeri, kama jana." Wewe ulicheka mpaka ukashika ukuta. Halafu ukawageukia wanafunzi. "Nani alisaini hiyo karatasi?" Wakageuka kuutazama ubao. "Na mbona mmekuja na sahani?"

Nilikununia siku nzima, Simiyu. Ilibidi uniletee mkungu wa ndizi kutoka kwenu Chwele ndipo nikusalimie vizuri. Lakini tangu siku hiyo watoto walikuja wenyewe kila Alhamisi baada ya masomo, hata wale ambao kwa kawaida kengele ikilia huwaoni tena. Ulikuwa unawaonyesha picha moja tu, ukikaa nyuma ya darasa kama mwanafunzi mwenzao. "Katikati ya picha ndiko mwenye kutuma anataka uangalie," ulikuwa ukiwaambia. "Wewe angalia pembeni." Wakaangalia vivuli, nguo, mabango ya maduka, hata matope. Nekesa, yule msichana wa kidato cha pili mwenye maswali yasiyoisha, ndiye aliyesema kwamba mafuriko ya picha moja iliyodaiwa kuwa ya Bungoma hayawezi kuwa ya huko, kwa sababu magari yalikuwa yanaendeshwa upande wa kulia wa barabara. Ulisimama ukampigia makofi peke yako mpaka akaficha uso kwenye sweta.

Hata mimi uliniharibu. Binamu yangu alituma kwenye grupu la familia majani ya kutibu presha, nikauliza ni nani amesema, na mpaka leo kwetu naitwa mama maringo. Jina hilo nalivaa bila kinyongo.

Kisha ikaja ile video kwenye grupu la wazazi na walimu. Shule ilikuwa imefunguliwa juzi tu. Mwanamume amevaa koti la buluu, ametupa mgongo, anamchapa mvulana kwa fimbo nyuma ya darasa, na mtoto analia kilio cha kweli. Chini yake maandishi: "Huyu ni Simiyu wa shule yetu, jana jioni. Wazazi amkeni." Aliyeileta wa kwanza hajulikani mpaka sasa. Kila aliyeituma tena aliongeza maneno yale yale ya kunawa mikono: nimetuma kama nilivyopokea.

Kama nilivyopokea! Na hawa ni watu wa Trans-Nzoia. Hakuna hata mmoja wao anayenunua gunia la mahindi kabla hajatia mkono mpaka chini, akatoa punje, akaiuma, akasikia kama imekauka. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo hivyo, baba akinifokea nikipokea debe bila kuligusa. Gunia wanalichunguza namna hiyo. Jina lako walilipokea likiwa limefungwa, wakalibeba, wakalipitisha kwa jirani.

Asubuhi yake walikuja. Ulikuwa mlangoni mwa kidato cha tatu na chaki mkononi. Mwenyekiti wa wazazi alikuinulia simu karibu na pua.

"Mwalimu, si tumeona na macho yetu!"

"Mmeona uso?"

"Ati uso! Koti si ni yako?"

Makoti ya buluu ya namna hiyo yamejaa soko la Kitale. Fundi wa maabara analo, muuza dawa za mifugo pale Kiminini analo, na nadhani hata mwenyekiti mwenyewe analo analokamulia ng'ombe. Nilisema hivyo kwa sauti na hakuna aliyenigeukia. Mwalimu mkuu alikushika bega kama mfiwa. "Enda tu nyumbani kidogo, mambo itulie." Ukapangusa mikono, ukanionyesha wanafunzi wako, ukaniambia, "Dada, hawa hawajamaliza maswali ya jana." Hayo tu. Ukapanda bodaboda na begi lako magotini.

Hiyo "kidogo" imekuwa miezi sasa. Kwa mwalimu wa bodi, kuambiwa akapumzike ni kufutwa kazi kwa sauti ya upole.

Siku mbili baadaye Nekesa alinifuata kwenye chumba cha walimu.

"Madam, niliomba baba simu nikaangalia ile video. Hiyo mahindi iko na maua."

"Mahindi gani?"

"Si ile ya pembeni, nyuma ya darasa. Na sahi ni Januari, madam. Nani ako na mahindi ya maua saa hii?"

Nilitazama nje ya dirisha letu. Shamba la jirani lilikuwa mabua makavu na ng'ombe wakiyatafuna. Nikaifungua video tena, na mara hii nikaangalia pembeni kama ulivyotufundisha. Mahindi mabichi kabisa, marefu kupita ukuta, yamechanua. Jana jioni! Simiyu, grupu lile zima ni wakulima wa mahindi. Siku ile magunia yalikuwa yamepangwa ndani ya nyumba zao, wengine wanayapisha wakienda kulala. Walitazama mahindi ya Julai, wakaambiwa ni jana, wakaamini. Hapo ndipo hasira iliponishika, na haijaniachia.

Nilimpelekea mwalimu mkuu. "Madam, watoto hawawezi fundisha wazazi wao." Nikampelekea mwenyekiti. "Achana na hiyo maneno bana. Si alishaenda? Tusonge mbele." Na sasa ni hao hao wanaosema vijana wanaamini kila kitu. Vijana! Kijana wa pekee aliyeifungua video hiyo na kuikagua ana miaka kumi na mitano, na alimwomba baba yake simu kwa adabu.

Kwa hiyo nilirudi kwa mwalimu mkuu na jibu. Nilimwambia sitagusa klabu kabla wazazi hawajakaa kwenye somo la kwanza. Alikuna kichwa, akakubali, kwa sababu mkutano wa wazazi ulikuwa Ijumaa na hakuwa na mtu mwingine wa kuwaambia amemteua. Ijumaa hiyo nikaiweka video ukutani, kubwa, bila sauti. Nikauliza swali moja.

"Hii ni mahindi ya mwezi gani?"

Walikohoa. Wakaangaliana. Mwishowe mama mmoja wa nyuma akasema, "Hiyo ni ya Julai. Ama ya Agosti, kama alichelewa kupanda."

"Na nyinyi mliletewa lini?"

Mwenyekiti alianza habari ya ajenda, na wenzake wakamwambia akae. Nilimwona baba Nekesa amevua kofia na kuiweka magotini, akiipapasa ukingo wake.

Jioni hiyo sauti zilianza kuingia kwenye grupu. "Mimi baba Nekesa. Ile video nilituma. Haikuwa Mwalimu. Naomba msamaha." Chini yake: Amina. Akaja mama mwingine analia. Amina. Mwalimu mkuu akatuma picha ya mikono miwili iliyounganishwa. Mwenyekiti akaandika kwamba ilikuwa bahati mbaya na tusonge mbele, maana huyo huwa anasonga tu. Sitakudanganya, nilifurahi. Nilisikiliza sauti zile moja moja nikipika, na ugali ukashika chini.

Jumatatu nilimwita Nekesa nimpe habari njema. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na Mwalimu amejibu nini?"

Nikafungua simu nikutafute. Hukuwemo kwenye grupu. Walikutoa siku ile ile ya video, na katika Amina zote hizo hakuna hata mmoja aliyekumbuka kukurudisha. Mimi pia nilisikiliza siku tatu bila kuona. Wanaombana msamaha wao kwa wao, wanajibiana wenyewe, na aliyekosewa hayupo. Nekesa aliniangalia tu, na nadhani alikuwa anaona haya kwa niaba yetu.

Basi nimemwambia mwenyekiti kwamba uwongo waliuleta kwa miguu yao mpaka mlangoni mwa darasa lako, na msamaha nao utakwenda kwa miguu yao. Waje Chwele, waseme mbele ya watu wa kwenu, wale waliokuona ukirudi na begi muhula ukiwa ndio kwanza umeanza, wakaanza kunong'ona. Ameniuliza, kama wakifanya hivyo, nitachukua klabu? Nimekataa. Klabu ina mwalimu.

Wanasema watakuja siku ya soko. Nakujua wewe. Utawatolea viti, utamwita mama yako awasalimie, na kabla hawajamaliza kusema pole utakuwa umeshawajibu hakuna shida. Nakuomba, ndugu yangu, mara hii tu, usiseme. Waketi pale kimya, kila mtu na kikombe chake, mpaka wajue wenyewe kwamba shida ilikuwepo.

Mimi dada yako wa meza ya dirishani,
Wanjiru