Mshale wa Sebuleni

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila nimechanganyikiwa hata sijui nianzie wapi. Paka amezaa ndani ya kabati la nguo zako, na baba amechora ukuta wote wa sebuleni.

Unamjua baba, fundi bomba wetu, tangu astaafu hatulii. Amemchora mama mzima mzima kama mtambo: mapafu ni mitungi miwili, magoti yana bawaba, na kifuani kuna pampu. Jirani alipouona akauliza, "Huyu ni mkeo au tangi la mtaa?" Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Siku hizi hushika ukuta hata asipocheka. Daktari anasema moyo umechoka, na hana dawa zaidi ya hizi.

Kutoka kwenye pampu baba amevuta bomba jekundu hadi upande wa pili, akajichora na yeye. Juu ya bomba akatia mshale, kama mafundi wanavyoonyesha maji yanakokwenda: kutoka kwake kwenda kwa mama, moyo wake usukume kwa wote wawili. Mama akaufuta kwa kitambaa, akachora wake unaoelekea kwa baba. Asubuhi yake ukawa umegeuzwa tena. Hawagombani, chai wanakunywa pamoja.

Mimi nipake chokaa, au niwaache? Nicheke au nilie? Sielewi.

Ila njoo, kaka. Tangu juzi mshale unaelekea kwa baba, naye hajaugeuza, anauangalia tu.

Ni mimi, kitindamimba wenu.